UZI: Sayansi ya bangi vyuoni, nani ataifundisha Zanzibar? Mie nasema tuanze na karafuu

KinuNaMchi

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nafundisha kemia ya dawa katika chuo kimoja hapa Unguja. Kila nikifika kwenye mada ya dawa zitokanazo na mimea huja swali lile lile, na huulizwa kwa sauti ya chini: "Na bangi je, Maalim?" Walimu wengi huliruka. Husema hiyo ni dawa ya kulevya, sheria imekataza, haya tuendelee na kwinini. Mie naona kuliruka swali hilo ni kumnyima mwanafunzi kitu atakachokihitaji siku ya kwanza atakaposimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa.

Niweke wazi mapema tusije tukapotezana. Sisemi bangi ihalalishwe. Zanzibar tuna sheria yetu ya kudhibiti dawa za kulevya ya 2021 na mamlaka inayoisimamia, na uzi huu haugombani nayo. Nasemea somo: kemia yake, inavyofanya kazi mwilini, inavyopimwa, inavyodhuru, na zile dawa chache zilizopitishwa ambazo asili yake ni mmea huo. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao nchi nyingi zimejenga sheria zao juu yake, umeruhusu matumizi ya tiba na ya sayansi.

Tazameni afyuni. Mofini ilitolewa kwenye utomvu wake tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na hakuna mfamasia anayemaliza masomo bila kuijua. Mgonjwa wa saratani hupewa mofini apumzike na maumivu. Methadoni, ambayo inakamata kipokezi kile kile mwilini, yaani mahali dawa inaposhika ili ifanye kazi, inatolewa pale Kidongo Chekundu kuwasaidia vijana wetu waachane na unga. Sijapata kusikia mtu akimwambia mwalimu wa famasia kwamba anafundisha watu kuvuta unga. Basi kwa nini bangi iogopewe hata ubaoni?

Nani anafaa kuifundisha? Tukiangalia wenzetu walioanza, jibu liko wazi: ni wanakemia. Roger Adams, aliyeitenga CBD, kampaundi ya bangi isiyolevya, mwaka 1940 katika Chuo Kikuu cha Illinois, alikuwa bingwa wa kemia ogania. Raphael Mechoulam, mwanakemia wa Israeli, ndiye aliyetuonyesha umbo la CBD mwaka 1963, na mwaka uliofuata yeye na Yechiel Gaoni wakaitenga THC, ile kampaundi ya bangi inayolevya, ikiwa safi. Mechoulam huyu alikwenda polisi akapewa kilo 5 za hashishi (utomvu wa bangi) iliyokamatwa, akapanda nayo basi mpaka maabara. Baadaye ikabainika kwamba kibali kilipaswa kitoke wizara ya afya, si polisi, ikabidi aende akaombe radhi. Wanafunzi wangu nawasimulia kisa hiki kwa sababu ndani yake mna somo zima la utaratibu: hata mwanasayansi mwenye nia safi, bila ya karatasi ni mvunja sheria.

Yuko na Mahmoud ElSohly, mzaliwa wa Misri aliyesomea famasia Cairo kabla ya kwenda Marekani. Kwa miongo kadhaa ameongoza utafiti wa bangi katika Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho tangu 1968 kina shamba lenye kibali cha serikali kuu. Huyu ni mtu wa mimea dawa, kazi ile ile wanayoifanya wenzetu wa Taasisi ya Dawa Asilia pale Muhimbili kwa mimea mingine.

Siku hizi kuna mpaka shahada. Chuo Kikuu cha Northern Michigan, Marekani, walianzisha ya kemia ya mimea dawa mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Maryland kule Baltimore, kupitia skuli yao ya famasia, wakaanzisha ya uzamili mwaka 2019. Kilichonivutia ni kwamba Northern Michigan walipoanza, wanafunzi hawakulima bangi chuoni. Walijifunza kutenga na kupima kampaundi za mimea mingine, kwa sababu mkono uliozoea kupima mmea mmoja unaweza kupima na mwengine.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Sisi tunaweza kuifundisha sayansi hii bila jani hata moja la bangi, na mimea yenyewe ipo nyumbani.

Kwanza karafuu. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane kule Saint Louis waligundua kwamba ubongo una kipokezi ambacho THC inakikamata. Kikaitwa CB1. Baadaye kikapatikana cha pili, CB2, ambacho kiko zaidi kwenye chembe za kinga ya mwili. Mwaka 1992 kundi la Mechoulam likapata kampaundi ambayo mwili wenyewe unaitengeneza kwa ajili ya vipokezi hivyo. Sasa mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake wakatangaza kwamba beta-kariofilini nayo inakamata CB2. Hii kariofilini imo kwenye bangi, imo kwenye pilipili manga, na imo kwenye karafuu. CB1 haiigusi, kwa hiyo hailevyi.

Jamani, tafakarini. Kisiwa kinachonuka karafuu kila msimu kina kampaundi inayofungua mlango wa sayansi ambayo vyuo vikubwa vimeijengea shahada, nasi tunaisafirisha kwenye magunia bila ya kuipitisha darasani.

Jaribio ni la siku moja. Twanga karafuu kavu, chemsha na maji kwenye chupa ya mviringo, mvuke upite kwenye kondensa. Kinachodondoka ni maji yenye weupe kama tui jepesi, na harufu yake inajaza chumba. Tikisa na heksani, kiyeyusho kisichochanganyika na maji, mafuta yatapanda humo. Halafu chukua heksani hiyo uitie kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na maji ya kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, tikisa kidogo kidogo huku ukifungua koki kuachia mgandamizo. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ni fenoli, ina uasidi kidogo, kwa hiyo inageuka chumvi na kushuka kwenye maji. Kariofilini haina uasidi wowote. Inabaki juu kwenye heksani. Shusha maji yale kwenye bika, ongeza asidi ya haidrokloriki tone kwa tone mpaka litmasi iwe nyekundu. Maji yatachafuka ghafla, na matone ya mafuta yatazama chini, kwani eujenoli ni nzito kuliko maji. Mwanafunzi aliyeyaona matone yale yakizama hahitaji kukariri tena maana ya fenoli. Na THC nayo ni fenoli.

Pili korosho. Ndani ya mmea, sehemu kubwa ya THC haipo kama THC, ipo kama asidi yake, na moto ndio unaoondoa kaboni dayoksaidi ikabaki THC. Utaonyeshaje hayo bila bangi? Chukua mafuta ya maganda ya korosho yaliyokamuliwa bila moto. Yana asidi ya anakadiki, ambayo umbo lake linakaribiana sana na asidi ya THC: pete yenye kundi la asidi jirani na kundi la fenoli, na mkia mrefu wa kaboni. Ipashe moto kwenye kabati la hewa chafu, mpira upeleke gesi kwenye maji ya chokaa. Chokaa inageuka nyeupe, na chupani imebaki kadanoli, isiyo na kundi la asidi. Ni badiliko lile lile. Glavu lazima, mafuta yale yanababua ngozi.

Naomba maoni, khasa ya walimu wenzangu wa famasia na kemia, Unguja na Pemba. Mada zipi ziingie, na zipi zisubiri?

MwanaMtambwe

Waalaykumu salaam Maalim. Mie nimekulia chini ya mkarafuu. Msimu ukishamiri tunachambua mpaka usiku, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, karafuu huku, na asubuhi zinatandazwa kwenye majamvi. Mikono inanuka karafuu hata ukila ndizi unaila karafuu. Hatujaona mtu aliyelewa kwa hilo, wala mtoto, wala mzee.

Hofu yangu ni moja na naisema kwa moyo safi. Karafuu ni roho ya Pemba. Ikienea habari kwamba karafuu "ina kitu cha bangi", mtu asiyesoma atachukua nusu ya maneno na kuondoka nayo. Wanunuzi wa nje watasikia nini? Sisi wachumaji tutasimama wapi?

KinuNaMchi

Hofu yako ina msingi, Sheikh wangu, na ndiyo inayonifanya nitake ifundishwe na mtu anayejua kemia, si mtu wa video fupi za mtandaoni. Jibu la kumpa mnunuzi ni hili: kariofilini haimo kwenye karafuu kwa sababu ya bangi. Ni terpini, kampaundi ya harufu, na mimea mingi ya viungo inayo. Inaruhusiwa kama kionjo cha chakula Marekani na Ulaya, na watu wameila kwenye pilau miaka na miaka. Aliyesema inakamata CB2 amesema pia kwamba CB1 haiigusi, na kulewa kunatoka CB1. Kwa mkulima wa Pemba hiyo ni sifa ya zao lake.

Ila niongeze jambo ambalo watu hawalisemi. Ukitaka kuogopa kitu kwenye mafuta ya karafuu, ogopa wingi wa eujenoli. Yapo matukio yaliyoandikwa ya watoto wadogo walioharibika ini baada ya kunywa mafuta ya karafuu yasiyochanganywa. Nyumba nyingi huku zina kichupa hicho kwa ajili ya jino. Kiwekeni juu, mbali na watoto.

UstadhKusini

Maalim, nakuheshimu kwa elimu yako, lakini nitasema. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kila chenye kulevya ni khamri na kila khamri ni haramu. Halafu sharia yetu ina mlango wa kuziba njia zinazopelekea kwenye haramu. Leo wewe unachora ubaoni, kesho kijana anakaa maskani na msokoto wake anasema "Maalim chuoni kasema ni dawa". Mitaani kwetu vijana wanaangamia. Nani atajibu kwa hilo? Hata mofini uliyoitaja, wanavyuoni wameiruhusu kwa dharura na kwa kipimo cha tabibu. Haikuruhusiwa kuzungumzwa kila mahali.

KinuNaMchi

Ustadh, Allah akulipe kheri. Kwenye hukumu sina neno, hiyo ni kazi yenu. Nitajibu upande wangu tu.

Kijana wa maskani tayari ana mwalimu. Mwalimu wake ni muuzaji, na simu yake. Anaambiwa ni jani la Mungu, halina madhara, linatibu kila kitu kuanzia kisukari hadi saratani. Mwanafunzi wa famasia aliyefundishwa sawasawa ndiye anayeweza kukaa naye na kumwambia, kwa mfano, kwamba anayeanza kuvuta akiwa mdogo na kuvuta sana, khasa hii yenye nguvu wanayoiita skanka, anajiweka karibu zaidi na ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, kwa kuwa ubongo wa kijana bado unajengwa na vipokezi vya CB1 vina kazi katika ujenzi huo. Atamwambia pia kwamba zipo kampaundi za kutengenezwa maabara zinazokamata CB1 kikamilifu, wakati THC inakikamata nusu nusu, na hizo zimeua watu. "Ni mbaya, acha" kijana ameshaisikia na kuizoea. Akielezwa inavyomdhuru, angalau atasikiliza.

Napokea rai yako kwa njia hii: somo lifunguliwe kwa sheria na madhara kabla ya kuchorwa pete hata moja. Na lifundishwe kwa waliofika mwaka wa juu, ambao wameshasoma kemia ogania na jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini.

MamaWawili_Wete

Samahanini, mie si msomi wa mambo haya, ila nimeona uzi nikasema niulize. Mtoto wangu wa kiume ana kifafa. Anatumia valproeti, na degedege zimepungua ila hazijaisha. Kuna dada mmoja kwenye grupu la Whatsapp anauza mafuta ya CBD, anasema yanatoka nje, matone chini ya ulimi, na anasema ukianza hayo uache dawa za hospitali kwa sababu zinaua ini. Chupa ina maandishi mazuri na picha ya jani. Maalim, nimsikilize au nimwache?

KinuNaMchi

Dada yangu, pole kwa mtihani huu. Nakujibu kwa urefu kidogo, maana swali lako ndilo linaloonyesha kwa nini elimu hii inahitajika.

Kwanza kabisa, usiache valproeti. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege zinaweza kurudi kwa nguvu na kufuatana bila mtoto kuzinduka, na hiyo ni hatari ya maisha. Kuongeza, kupunguza au kubadilisha ni kwa daktari anayemtibu tu.

Pili, ni kweli kwamba ipo dawa ya CBD ya kifafa. Inaitwa Epidiolex, ilipitishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili ngumu za kifafa cha watoto, Lennox-Gastaut na Dravet. Lakini hiyo ni CBD iliyosafishwa kiwandani, kila mililita inajulikana ina kiasi gani, na mtoto anaanzishwa huku ini lake likipimwa damu. Kwa nini ini? Kwa sababu CBD peke yake inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, na ikikutana na valproeti, dawa ile ile anayotumia mwanao, hupandisha zaidi. Yaani huyo dada anayekwambia dawa za hospitali zinaua ini anataka kukuuzia kitu ambacho juu ya valproeti ndicho kinachohitaji uangalizi wa ini.

Tatu, maandishi ya chupa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti Marekani walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD wakazipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ni 26 tu. Na 18 zilikutwa na THC ndani, ile ya kulevya. Hizo zilinunuliwa kwenye nchi yenye maabara kila kona. Ya kwenye grupu la Whatsapp imepimwa na nani? Hapa kwetu dawa inapaswa kuwa imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa, na chupa yenye THC itakuingiza kwenye mkono wa sheria ya dawa za kulevya, wewe mama unayehangaikia mwanao.

Usinunue. Ipige picha chupa, uende nayo kwa daktari wake, umwambie pia kwamba degedege hazijaisha. Huenda kipimo cha valproeti kinahitaji kurekebishwa kulingana na uzito wake wa sasa, maana watoto wanakua na dozi inabaki nyuma. Na kama kuna mtu amekwisha kumpa matone hayo hata mara moja, usimfiche daktari.

MamaWawili_Wete

Nashukuru sana Maalim. Kliniki yake ni wiki ijayo. Uzito haujapimwa muda mrefu, umenikumbusha.

FundiMaabara_Bara

Mkuu KinuNaMchi, salamu kutoka Dar. Mimi ni wa maabara, na nakuunga mkono kwa sababu ambayo hujaigusa: mahakama. Kesi za bangi zinasimama au kuanguka kwa ripoti ya mkemia. Vijana wanatoka vyuoni wanajua kusoma mashine lakini hawajui kwa nini mashine imesema ilivyosema.

Mfano mmoja ambao ningetaka kila mwalimu auweke. Kromatografia ya gesi, mashine ya kutenganisha kampaundi na kuzipima, inapasha sampuli moto pale inapoingia. Moto huo unaigeuza asidi ya THC kuwa THC, kwa hiyo mashine inakusomea jumla, haikwambii mmea wenyewe ulikuwa na nini. Ukitumia kromatografia ya kimiminika hakuna moto, unaviona vyote viwili kila kimoja mahali pake. Hapo unapiga hesabu: THC iliyopo, jumlisha asidi yake mara 0.877, kwa sababu asidi ikipoteza kaboni dayoksaidi inapungua uzito, kutoka 358 hadi 314 kwa molekuli. Wakili mwerevu akikuuliza hapo na hujui, umekwisha.

Lingine ni vile vipimo vya rangi vya haraka. Duquenois-Levine ikitoa zambarau watu wanaruka kwamba tayari. Ni kipimo cha kushuku, kuna mimea mingine na hata vitu vya nyumbani vinavyoweza kutoa rangi ya kukaribia. Lazima uthibitishe kwa mashine. Na THC na CBD zina fomula moja, C21H30O2, uzito mmoja. Ukitegemea uzito peke yake kwenye spektrometa unaweza kumfunga mtu kwa kampaundi isiyo yake. Lazima kwanza uzitenganishe kwenye kolamu ya kromatografia.

KinuNaMchi

Mkuu, hilo la mahakama umelisema vizuri kuliko ningelisema mie. THC na CBD kuwa na fomula moja ni mfano usio na mpinzani wa isoma, yaani kampaundi zenye fomula moja na maumbo tofauti: tofauti ni pete moja tu iliyojifunga upande wa THC na ikabaki wazi upande wa CBD, na kwa pete hiyo moja analewa, bila hiyo halewi. Naingiza hesabu ya 0.877 kwenye mazoezi. Na kwenye karafuu tunaweza kuwazoesha: bamba la silika, kidoa cha mafuta, acha kiyeyusho kipande kwenye bamba, kisha nyunyizia vanilini na asidi ya salfyuriki na pasha moto. Kariofilini inakimbia juu, eujenoli inabaki chini yake, kila moja na rangi yake. Ukishajua kwa nini moja imekimbia na nyengine imebaki, mashine kubwa haikutishi.

KijanaDarajani

Mimi nina swali la kweli, msinielewe vibaya. Rafiki yangu alikula keki aliyopewa na watu wa hotelini. Akakaa, akaona haina kitu, akala kipande cha pili. Baada ya saa moja na zaidi akawa anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anasema anakufa. Kwa nini ya kula inachelewa halafu inapiga hivyo?

KinuNaMchi

Alhamdulillahi yupo. Ukivuta, THC inaingia kwenye damu kupitia mapafu na kufika kwenye ubongo kwa dakika chache. Ukila, inapita tumboni, inafyonzwa pole pole, halafu inakwenda ini kwanza. Ini lina vimeng'enya vinavyoigeuza kuwa kampaundi nyengine, 11-haidroksi-THC, ambayo nayo inalevya na inaingia kwenye ubongo vizuri. Inaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili mtu kuanza kuihisi, na inakaa saa nyingi. Kipande cha pili huliwa wakati cha kwanza bado kiko njiani, ndiyo maana vinapiga pamoja.

THC peke yake ni nadra kumzimisha mtu pumzi kama unga unavyofanya, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi ina vipokezi vichache vya CB1. Lakini moyo kwenda mbio, kuanguka, ajali ya vespa, hayo yote yapo, na mtoto mdogo akila keki hiyo anaweza kulala usingizi usioamshika. Ikitokea tena, hospitali moja kwa moja na semeni ukweli alichokula. Daktari anataka kujua atibu nini.

UstadhKusini

Nimesoma majibu haya yote. Kwa yule mama wa Wete na huyu kijana, naona elimu imewafaa, na kusema kweli sikutarajia. Bado msimamo wangu ni kwamba skulini isifike. Ibaki chuoni, kwa watu wazima, na sheria iwe mlango wa mwanzo kama ulivyosema. Na mkiandaa, waiteni na wanavyuoni wakae nanyi tangu mwanzo, msije mkatuita siku ya kufungua tu kuomba dua.

KinuNaMchi

Nimekubali, Ustadh. Rasimu ya mada nitaileta kwako kabla ya kuipeleka kwa wakuu wangu wa idara.

MwalimuMicheweni

Maalim, mimi nafundisha kemia kidato cha tano na sita huku kaskazini Pemba. Habari ya bangi siigusi, Ustadh atulie. Ila hilo jaribio la karafuu nimelitamani. Watoto wangu wametoka kwenye nyumba za wachumaji, na kitabu kinawafundisha fenoli kwa mifano ya kiwandani wasiyoiona. Tatizo, sina kondensa, sina faneli, heksani ndiyo kabisa.

KinuNaMchi

Mwalimu wangu, kwa kidato cha sita huhitaji yote hayo. Ruka kuchemsha, tafuta mafuta yaliyokwisha kutolewa. Mafuta ya makonyo, kama yale ya kiwandani Wawi, yana eujenoli nyingi mno, kwa hiyo kitakachobaki juu ni kidogo sana. Ukipata mafuta ya majani ya mkarafuu yanafaa zaidi kwa jaribio lako, kariofilini yake ni nyingi.

Weka mafuta kidogo kwenye neli ya majaribio, ongeza maji ya kostiki soda, ziba kwa kizibo cha mpira, tikisa taratibu. Iache isimame, itachukua muda kutulia kwa sababu ya povu. Sehemu kubwa ya mafuta itakuwa imemezwa na maji, na juu utaona tabaka jembamba linaloelea. Hilo tabaka ndilo lenye kariofilini. Vuta maji ya chini kwa sirinji ndefu uyapeleke kwenye neli nyengine, tia asidi, na eujenoli itajitokeza tena na kuzama. Kabla ya hapo, chukua tone moja la mafuta kwenye spiriti, dondoshea feri kloraidi. Rangi ikigeuka kijani au buluu, umewaonyesha fenoli kabla hata hujaitaja.

Miwani kwa kila mtoto, kostiki haina huruma na macho. La korosho usilifanye darasani, lile linataka kabati la hewa chafu.

MwalimuMicheweni

Feri kloraidi ninayo, miwani inatosha nusu ya darasa kwa hiyo tutafanya kwa zamu. Mafuta ya majani naulizia Chake kesho.

MwanaMtambwe

Usende Chake, Mwalimu. Nitumie namba yako kwa faragha, kuna mzee huku Mtambwe anayachemsha mwenyewe. Nitakuletea.